Bolzi ya nyasi: kazi ya kocha inaishia wapi, ya mwamuzi inaanzia wapi

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026 ilipopunguzwa hadi michezo 10 tu, hoki, kriketi, skwoshi na badminton ziliachwa nje. Bolzi ya nyasi ikabaki, ingawa kwa Glasgow ilipangwa kuchezwa ndani ya ukumbi. Kwa aliyezoea kufuatilia mashindano haya kwa ajili ya riadha na ndondi, swali la kwanza ni la haki kabisa: huo ni mchezo gani? La pili huja mara tu anapoutazama kwenye simu. Mbona refa hapigi filimbi? Yule anayesimama nje ya nyasi akimwita mchezaji pembeni ni nani? Na kwa nini watu wazima wamepiga magoti wakipima nyasi kwa uzi?

Afrika Mashariki haiko mbali na mchezo huu. Vilabu vya zamani vya Kenya vina viwanja vyake, na Kenya imewahi kupeleka wachezaji wa bolzi kwenye Jumuiya ya Madola. Lakini hata ndani ya vilabu, kazi za kocha, nahodha, mwamuzi na mtia alama huchanganywa, na mkanganyiko huo ndio huzaa ugomvi mwingi uwanjani. Ukitaka ufunguo mmoja wa kuutatua, ni huu: kazi ya kocha iko kabla tufe halijatoka mkononi, na kazi kubwa ya mwamuzi iko baada ya tufe kusimama. Katikati, tufe likiwa bado linabingirika, hakuna kati yao mwenye la kufanya.

Maneno kwanza

Bolzi huchezwa kwenye nyasi zilizokatwa chini kabisa na kushindiliwa zikawa kama zulia. Urefu wa uwanja, kwa upande unaochezewa, ni kati ya mita 31 na 40. Uwanja hugawanywa kuwa njia zenye upana wa mita 4.3 hadi 5.8, na kila njia hubeba mechi moja, kama vile bwawa la kuogelea linavyogawanywa. Kuzunguka nyasi kuna mtaro usio na kina kirefu, na nyuma ya mtaro kuna ukingo ulioinuka.

Mchezaji husimama kwenye mkeka wa mpira wenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 36. Kinacholengwa ni jeki, kijipira cheupe au cha njano chenye kipenyo cha milimita 63 au 64, kiasi cha ndimu kubwa. Kinachobingirishwa ni tufe, ambalo ukubwa wake unakaribia balungi: kipenyo milimita 116 hadi 131, uzito usiozidi kilo 1.59. Hapa tufe halirushwi hewani kama kwenye riadha. Hulazwa chini na kuachiwa libingirike.

Pande mbili zinapomaliza matufe yao yote kuelekea upande mmoja wa uwanja, hiyo ni raundi. Wanahesabu pointi, wanageuka, wanacheza kurudi walikotoka.

Mchezo huu si ule wa kuangusha vigingi 10 mwishoni mwa njia ya mbao kwenye kumbi za starehe, wala si petanki ya Wafaransa ambayo mipira yake ya chuma hurushwa juu ya changarawe. Ndugu yake wa karibu zaidi kwetu ni gololi. Watoto wakicheza nani yuko karibu na kitundu, hupima kwa shubiri, na wakibishana mmoja huleta uzi. Bolzi ni ugomvi ule ule, ila umeandikiwa sheria.

Na hesabu ya pointi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Upande wenye tufe lililo karibu zaidi na jeki ndio pekee unaopata pointi katika raundi hiyo. Unapata pointi moja kwa kila tufe lake lililo karibu kuliko tufe bora la mpinzani. Tuseme wekundu wana tufe sentimita 12 kutoka kwenye jeki na jingine sentimita 30, wa buluu wana moja sentimita 34, na wekundu wana la tatu sentimita 40. Wekundu wanaandika 2. Lile la 40 halihesabiwi kwa sababu la buluu limelitangulia. Buluu wanaandika sifuri, hata kama wana matufe mengine sita yamejazana hapo nyuma.

Kwa nini tufe linapinda

Huwezi kuelewa anachofundisha kocha bila kuelewa hili, na hapa ndipo penye uongo mwingi zaidi. Utasikia kwamba ndani ya tufe kumefichwa risasi upande mmoja. Utasikia pia kwamba mchezaji hulizungusha kwa vidole kama mpira wa pembeni wa soka. Yote mawili si kweli. Matufe ya leo ni ya plastiki ngumu, yametengenezwa kwa kipande kimoja. Siri iko kwenye umbo: upande mmoja umechongwa mviringo wake tofauti kidogo na wa pili, kwa hiyo kitovu cha uzito hakikai katikati kabisa.

Chukua sarafu, ibingirishe mezani. Ikiwa na kasi huenda karibu moja kwa moja. Ikianza kuchoka inainama upande mmoja na kukata kona, na kadiri inavyopungua mwendo ndivyo kona inavyozidi kuwa kali. Tufe la bolzi hufanya hivyo hivyo, isipokuwa upande wa kuinama umeamuliwa na kiwanda. Kila tufe lina alama pande zote mbili, kubwa na ndogo. Upande wa alama ndogo ndio tufe linakopindia.

Ndiyo maana mgeni anayetazama huona mchezaji "amekosea" kabisa, tufe linaelekea pembeni ya njia, kisha katika mita za mwisho linageuka na kujikunja hadi kwenye jeki. Linaweza hata kutoka nje ya mstari wa njia yake, likapita kwenye njia ya jirani, na kurudi. Hilo si kosa. Kinachoangaliwa ni mahali liliposimama.

Kuna kitendawili kingine kinachowachanganya hata wachezaji wa mwaka wa pili. Kasi ya uwanja hupimwa kwa sekunde: tufe linachukua muda gani kutoka mkononi hadi kusimama umbali wa mita 27. Uwanja wa Uingereza wenye nyasi nzito unaweza kuwa wa sekunde 10 au 12. Wa New Zealand unaweza kupita 15. Na unaoitwa wa kasi ni huo wa New Zealand, wenye sekunde nyingi zaidi. Fikiria kusukuma kikombe juu ya vigae na juu ya zulia. Kwenye zulia lazima ukisukume kwa nguvu, nacho kinasimama ghafla. Kwenye vigae unakigusa tu, kinaserereka taratibu kwa muda mrefu. Uwanja wa kasi ni vigae. Na kwa kuwa tufe linatembea taratibu kwa muda mrefu, linapata nafasi zaidi ya kupinda, hivyo mchezaji lazima alenge nje zaidi. Timu inayosafiri kutoka nyasi nzito kwenda nyasi nyepesi, isipobadilisha mahali pa kulenga, itakata mbele ya jeki siku nzima na kuulaumu uwanja.

Kocha: saa ya kwanza

Kocha mzuri wa klabu haanzi na jeki. Anaiweka mfukoni, kwa sababu mwanafunzi akiiona ataitazama, na akiitazama atailenga, na akiilenga moja kwa moja tufe litapinda na kuishia mbali.

Anaanza na saizi. Mwanafunzi huzungushia tufe mikono miwili kwenye mzingo wake mkubwa. Vidole gumba vikikutana upande mmoja na vidole vya kati vikikutana upande wa pili, saizi hiyo inafaa kujaribiwa. Visipokutana, tufe ni kubwa mno. Tufe kubwa kuliko mkono huponyoka, na hakuna mafunzo yatakayorekebisha hilo. Watu wengi huanza na tufe alilowaachia rafiki, wakaamini hawana kipaji, kumbe shida ni milimita 4.

Kisha mshiko. Vidole vya kati hukaa chini ya tufe vikifuata mstari wa mbingiriko, kidole gumba kinasaidia kwa juu au pembeni. Kidole kidogo kikipanda sana ubavuni hulisukuma tufe wakati wa kuachia, nalo hutoka likiyumba kama gurudumu lililolegea nati. Kuyumba huko ndiyo dalili ya kwanza ambayo kocha huitafuta. Akiiona, haangalii mkono wote. Anaangalia vidole na kifundo tu.

Kisha miguu. Simama juu ya mkeka, miguu ielekee mahali unapolenga, si kwenye jeki. Mkono urudi nyuma kama bembea, mguu wa upande wa pili upige hatua mbele kufuata mstari ule ule, tufe liachiwe karibu na ardhi mbele ya kidole gumba cha mguu. Likiachiwa juu linadunda, linapoteza nguvu na kuchimba nyasi, na msimamizi wa uwanja atakuja kuuliza. Kwa mwenye magoti mabovu au anayeyumba na kushindwa kutulia, kuna mtindo uliotoka Afrika Kusini ambapo mguu wa mbele huwekwa tayari mbele kabla ya mkono kuanza kusogea, hivyo hakuna hatua ya kupiga. Kwa wazee na wanaoanza ukubwani ningeuchagua huo kwanza.

Zoezi la kwanza ni kubingirisha kuelekea kocha aliyesimama karibu, mita 15 hivi, bila kujali tufe linaishia wapi, mradi litoke laini. La pili ni kuchagua alama ya kulenga: kigingi kwenye ukingo wa mbele, au doa kwenye nyasi mita kadhaa mbele. Hapo ndipo jeki inatolewa mfukoni. Mchezaji wa mkono wa kulia anayepitisha tufe upande wake wa kulia lazima alama ndogo iwe kushoto, ndani. Akiigeuza, tufe litapindia nje, kwa majirani. Kosa hili humpata kila mtu, bingwa pia, na dawa yake ni mazoea ya kuangalia alama kila mara kabla ya kukanyaga mkeka.

Katika kusahihisha, kocha hutenganisha makosa mawili ambayo mwanafunzi huyaona kama moja: mstari na urefu. Tufe likipita mbele ya jeki upande wa pili, mstari ni mwembamba. Alenge nje zaidi. Likibaki pembeni bila kufika katikati, amelenga nje mno. Likiwa fupi au refu, mstari hauguswi. Hapo hurekebishwa kimo cha mkono unaporudi nyuma, au urefu wa hatua. Kocha anayesema "ongeza nguvu na pia lenga ndani kidogo" kwa tufe moja amempa mtu kazi mbili, na tufe lifuatalo halitamwambia ni ipi iliyofanya kazi.

Kocha wakati wa mechi

Mechi ikianza, mipaka inabadilika. Kocha haruhusiwi kuingia kwenye nyasi za mchezo. Anaweza kutoa ushauri, lakini akiwa nje, kwenye eneo linalozunguka uwanja. Mtazamaji anayelalamika kwamba "kocha anasaidia, hiyo ni rafu" amekosea, na kocha anayekanyaga nyasi kwenda kuonyesha tufe kwa kidole amekosea pia.

Sauti unayoisikia upande wa jeki, ya mtu anayeonyesha kwa mikono "pita hapa, usizidi hapa", kwa kawaida si ya kocha. Ni ya nahodha. Katika timu ya watu wanne, wa kwanza hutandika mkeka na kubingirisha jeki. Wa pili kwa desturi huandika matokeo. Wa tatu hupima tufe lenye utata na kusimama badala ya nahodha wakati nahodha anakwenda kucheza. Nahodha hucheza mwisho na ndiye anayeamua mbinu zote. Kila mmoja ana matufe mawili. Kwa wachezaji wawili wawili, kawaida ni manne kila mmoja.

Kwa hiyo kocha mwenye busara husema na nahodha, kati ya raundi, maneno machache: mkeka usogezwe mbele, umbali wa jeki ufupishwe, upande wa kushoto una mteremko. Kumfundisha mchezaji mshiko katikati ya mechi ni kumharibia siku. Mshiko ni wa Jumanne mazoezini.

Mwamuzi: kazi anayoifanya kimya

Tunaotoka kwenye soka tunategemea refa anayekimbia na mchezo. Mwamuzi wa bolzi mara nyingi anasimamia njia kadhaa kwa pamoja, na hutumia muda mwingi nje ya nyasi akisubiri kuitwa. Anaitwa kwa mkono ulioinuliwa. Akifika, wachezaji hurudi nyuma wakamwachia nafasi.

Kazi yake huanza kabla ya mechi, kwa kukagua uwanja, mikeka, jeki na vifaa. Viatu navyo huangaliwa: soli lazima iwe bapa, kwa sababu kisigino kimoja kinaacha shimo litakalogeuza matufe ya wiki nzima.

Mechi ikiendelea, kuna vipimo vya mwanzo wa raundi. Mstari wa mbele wa mkeka lazima uwe angalau mita 2 kutoka mtaro wa nyuma na angalau mita 25 kutoka mtaro wa mbele. Jeki lazima isimame angalau mita 23 kutoka mkeka, kisha iwekwe katikati ya njia. Ikiingia mtaroni au kutoka nje ya njia katika kubingirishwa huku, mpinzani ndiye anayepewa nafasi ya kuibingirisha, ila zamu ya kucheza tufe la kwanza haibadiliki. Kipengele hiki husahaulika sana: wengi hudhani aliyekosea jeki amepoteza na zamu yake.

Kosa la mguu ndilo linalohitaji jicho la karibu. Wakati wa kuachia tufe, mguu mmoja, wote au sehemu yake, lazima uwe juu ya mkeka au angani juu yake. Mchezaji akiwa ametoka kabisa kwenye mkeka kabla tufe halijaachiwa, mwamuzi humwonya mara ya kwanza. Akirudia, tufe lake linaweza kusimamishwa na kutangazwa limekufa. Mara nyingi kosa hili huanzia kwenye mafunzo. Mtu amefundishwa hatua ndefu akiwa nyuma ya mkeka, mechini akiwa na haraka anasimama mbele ya mkeka, hatua ile ile inamtoa nje. Kocha angeweza kulizuia kwa kumzoesha kusimama katikati ya mkeka kila siku.

Tufe "limekufa" maana yake limeondolewa kwenye hesabu. Linakufa likisimama chini ya mita 14 kutoka mkeka, au likisimama zima zima nje ya mpaka wa njia. Sehemu ndogo yake ikiwa bado juu ya mstari, li hai, kama mpira wa soka ambao haujavuka wote. Linakufa pia likiingia mtaroni, isipokuwa kama liligusa jeki njiani.

Tufe la mguso, ndilo jina lake, huwekewa alama ya chaki, na tangu hapo hata likiangukia mtaroni linaendelea kuhesabiwa. Wengi huamini mguso unaongeza pointi. Hauongezi hata moja. Unachokupa ni bima dhidi ya mtaro. Na bima ina masharti: chaki isipowekwa kabla ya tufe linalofuata kusimama, haki ya mguso imepotea. Hilo limewapokonya watu mechi nzima kwa sababu chaki ilikuwa kwenye koti lililoachwa kwenye benchi. Jeki yenyewe ikisukumwa mtaroni ndani ya mipaka ya njia, nayo bado iko hai, na matufe yanaendelea kuchezwa kuelekea huko. Ikitoka nje ya mipaka ya njia, raundi imekufa. Kulingana na kanuni za shindano hurudiwa, au jeki hurejeshwa mahali palipopangwa.

Kupima

Hapa ndipo mwamuzi anapolipwa heshima yake. Hakuna kupima kabla raundi haijaisha. Tufe la mwisho likisimama, upande wowote unaweza kudai kusubiri hadi sekunde 30, kwa sababu tufe lililoegemea jingine linaweza kuanguka lenyewe. Baada ya hapo, wachezaji wenyewe hukubaliana kwanza: hili letu, hili lenu. Yaliyokubaliwa huondolewa. Yanabaki yale mawili au matatu ya utata, na wachezaji wakishindwa ndipo mwamuzi huitwa. Uamuzi wake wa umbali ni wa mwisho.

Tufe lililoegemea hushikizwa kwa kabari ndogo kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo litahama wakati jingine likiondolewa. Kipimo huchukuliwa kutoka sehemu ya jeki iliyo karibu na tufe hadi sehemu ya tufe iliyo karibu na jeki. Umbali wa kawaida hupimwa kwa kifaa chenye uzi ulioviringishwa ndani ya kikopo na sindano fupi mbele. Uzi huvutwa hadi tufe la kwanza, ukafungwa kwa urefu huo, kisha hupelekwa kwenye tufe la pili kuona kama unafika, haufiki au unazidi. Matufe yaliyo karibu sana hupimwa kwa kalipa, chuma chenye mikono miwili inayofunguka. Na likibaki swali kama tufe limegusa jeki au kuna mwanya, huingizwa vibamba vyembamba vya chuma, mfano wa vile fundi wa magari anavyotumia kupima mwanya wa valvu.

Kinachoharibu kipimo karibu kila mara ni mkono. Mpimaji hukandamiza kifaa kwenye jeki, jeki inasogea milimita mbili, na swali lililokuwa la milimita moja limepotea. Wengine huegemea mkono kwenye nyasi laini karibu na tufe, ardhi inabonyea, tufe linajongea. Mwamuzi aliyefunzwa hupiga goti mbali, hushika kifaa kwa mikono miwili, na hugusa kwa wepesi wa mtu anayeshika yai. Akiisogeza jeki kwa bahati mbaya huirudisha ilipokuwa, hadharani, pande zote zikiona.

Na ikitokea matufe mawili ya wapinzani yako umbali sawa kabisa, au yote mawili yanagusa jeki, hakuna pointi kwa yeyote. Raundi inahesabiwa kuwa imechezwa.

Mtia alama si mwamuzi

Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, ambao kwa kawaida huenda hadi pointi 21, kuna mtu wa tatu ndani ya njia. Huyu ni mtia alama. Anaiweka jeki katikati, anapaka chaki matufe ya mguso, na anasimama pembeni nyuma ya jeki bila kutikisika. Anajibu maswali, lakini maswali mahususi tu, na ya mchezaji ambaye ndiye mwenye zamu. Akiulizwa "nani anaongoza?" atasema au kuonyesha tufe analoliona liko karibu. Asipoulizwa hasemi.

Wengi hushindwa hapo, na huruma ndiyo huwaangusha. Mchezaji anauliza, "Niko umbali gani?" Mtia alama anajibu, "Nusu mita nyuma, punguza kidogo." Sehemu ya kwanza ni jibu, ya pili ni ukocha, na mpinzani ana haki ya kulalamika. Tunaijua tabia hii kwenye bao, ambako watazamaji barazani hawawezi kuzuia ndimi zao. Kwenye bao ni sehemu ya raha. Hapa ni kuvunja sheria.

Kuna mahali pamoja ambapo sauti ndani ya uwanja inaruhusiwa kwa makusudi. Katika bolzi ya watu wenye ulemavu wa kuona, kila mchezaji ana mwelekezi wake, ambaye humweleza jeki iko wapi na tufe lake limesimama wapi. Mwelekezi huyo ni macho ya mchezaji, na bila yeye mchezo usingekuwapo.

Klabu ndogo yenye watu wachache

Vilabu vingi havina anasa ya kuwa na kocha mmoja na mwamuzi mwingine. Ni mtu yule yule mwenye ujuzi wa miaka mingi. Hakuna ubaya, mradi asivae kofia zote mbili siku moja. Aliyemfundisha mchezaji Jumanne anaweza kupima tufe la mtu mwingine Jumamosi. Kupima la mwanafunzi wake mwenyewe kwenye fainali, hata akipima sawasawa, kutaacha neno. Vilabu viwili vinavyocheza pamoja vibadilishane waamuzi; gharama yake ni nauli tu.

Na anayetaka kuanza uamuzi asingojee mtihani. Achukue matufe mawili na jeki, ayapange jioni moja kwenye nyasi, moja sentimita 40 kutoka kwenye jeki na jingine liwe mbali zaidi kwa unene wa kadi ya simu. Ampe mwenzake ayabadilishe nafasi bila yeye kuona, kisha apime kwa uzi mara kumi mfululizo. Jibu likibadilika hata mara moja, ajue kuna kitu alikisogeza, na aanze upya kwa kuangalia mkono wake ulikuwa wapi.